Maswali na Majibu: Kitenzi "get"

Swali: Binti yangu wa kidato cha pili aliandika "I got an accident", akakatwa alama. Kosa ni lipi, ilhali sisi husema "nimepata ajali"?

Jibu: Kosa limetokana na "kupata". Kitenzi hicho cha Kiswahili hubeba heri na shari, kwa maana mtu hupata kazi, hupata mtoto, hupata ajali na hupata hasara, lakini "get" haikifuati kila kinakokwenda. Kiingereza sanifu husema "I had an accident" na "she had a baby". Kinachowavuruga wanafunzi, na ninawaelewa, ni kwamba "I got malaria" haina kosa lolote. Njia ya uhakika ni kukariri kitenzi pamoja na nomino yake, badala ya kukariri tafsiri moja ya "get".

Swali: Katika "it is getting dark", ni nini kinachopatikana?

Jibu: Hakuna. Ikifuatwa na kivumishi, "get" huonyesha hali inayobadilika. Kiswahili mara nyingi huyaweka mabadiliko hayo ndani ya kitenzi chenyewe, ndiyo maana "get old" ni kuzeeka na "get angry" ni kukasirika; "kuwa mwenye hasira" ni tafsiri nzito isiyo na sababu.

Swali: Je, "gotten" ni kosa?

Jibu: Si kosa. Ilitumika Uingereza zamani, na leo imeshamiri Marekani, ambako "I've gotten a car" ni nimepata gari na "I've got a car" ni nina gari. Katika mtihani unaofuata Kiingereza cha Uingereza, andika "got".

Swali: "He was arrested" na "he got arrested" zina tofauti?

Jibu: Zote ni "alikamatwa", ila ya pili ni ya mazungumzo na haifai katika barua rasmi. Ukiongeza "himself", yaani "he got himself arrested", unadokeza kwamba alijitakia. Angalia pia "he got his car repaired", alitengenezesha gari lake, na "he got his car stolen", aliibiwa gari. Muundo ni mmoja, lakini gari la kwanza lilipelekwa gereji kwa hiari ya mwenyewe, na la pili lilichukuliwa bila ridhaa yake. Kiswahili hulazimika kuzitenganisha kwa kauli ya kutendesha na ya kutendewa, Kiingereza huuachia muktadha.