Vishikwambi 12 kwa watoto 86: anza na walimu

Mwalimu mwenzangu wa Bagamoyo, umeeleza kwamba shule yenu imepokea vishikwambi 12 na projekta moja kutoka kwa wahisani, kwamba darasa lako la nne lina wanafunzi 86, na kwamba Mwalimu Mkuu amekukabidhi kazi ya kupanga matumizi kabla shule hazijafunguliwa. Unauliza uanze na somo gani, upakue programu zipi, na ufunguo wa kabati akae nao nani. Nimefundisha shule ya msingi hapa Tanga kwa miaka 19, na mgao kama huo ulitufikia nasi, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe, yakiwamo niliyoyaharibu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwapa watoto vifaa kabla ya walimu. Tulikuwa na vishikwambi kumi, na darasa langu la tano lilikuwa na watoto 78, basi nikawapanga wanane wanane na kuingia darasani kifua mbele. Kipindi ni dakika 40. Dakika 20 zilikwisha tukiwa bado tunahangaika na nywila. Vifaa viwili vilikuwa vimekwisha chaji, kimoja kilikuwa kimebadilishwa lugha na kuonesha maandishi ya Kichina, na katika kila kundi mtoto mmoja mwenye nguvu alikuwa amekikumbatia kifaa huku wenzake wakimpanda mabegani. Aliyenitoa katika lile la Kichina ni mvulana ambaye kwao wana kibanda cha kutengeneza simu huko Ngamiani. Hakusoma neno lolote, alifuata picha ya gurudumu lenye meno, akabonyeza mara tatu, Kiswahili kikarudi. Nilimshukuru, darasa likacheka, na walimu wenzangu wawili waliokuwa wakichungulia dirishani wakaondoka kimya. Muhula ule mzima hakuna mwingine aliyeomba ufunguo wa kabati.

Nilichelewa kuelewa kilichowafukuza. Husemwa mara kwa mara kwamba walimu wa makamo hawaitaki teknolojia, nami sikubaliani na kauli hiyo, kwa sababu mwalimu yule yule aliyegoma kushika kishikwambi ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kikoba chetu, akipokea na kutuma michango kwa simu bila kupoteza hata shilingi. Alichokiogopa ni kufundishwa na mtoto mbele ya watoto. Huku kwetu pwani mwalimu huhesabiwa mzazi, na mzazi hapendi kuumbuliwa mbele ya wanawe. Hofu ya namna hiyo haiponi kwa semina ya siku mbili. Hupona pale mtu anapopata nafasi ya kukosea akiwa na wenzake tu, watoto wakiwa wameshakwenda nyumbani.

Nafasi hiyo ipo tayari, hamna haja ya kuiombea bajeti. Mnavyo vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu wa shule moja hukaa pamoja kujadili ugumu wa ufundishaji. Sisi tuliamua kutumia vikao sita mfululizo kwa jambo moja tu, nalo halikuhusu kufundisha kwa kishikwambi hata kidogo. Lilihusu kusahihisha majaribio ya mwezi. Nilichagua kazi hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimkosesha kila mmoja wetu usingizi. Ukimpunguzia mtu mzigo anaoubeba kila siku, atakisogelea kifaa mwenyewe.

Tulivyofanya ni hivi. Zamani tulijaza jumla ya alama za kila mtoto na kupanga nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, basi. Safari hii tulitengeneza jedwali la Excel lenye safu moja kwa kila mtoto na nguzo moja kwa kila swali, tukaandika 1 kwa jibu sahihi na 0 kwa lililokosewa, kisha mashine ikajumlisha kwenda chini. Jumla ya kwenda kulia humwonesha mwalimu nani amefaulu, jambo ambalo kwa kweli alikwisha kulijua kabla ya mtihani. Jumla ya kwenda chini humwonesha ni swali gani limeliangusha darasa zima. Katika Hisabati ya darasa la tano kulikuwa na swali la kutoa nusu kutoka robo tatu, na nguzo yake ilikuwa karibu sifuri tupu. Tulipofungua karatasi tukakuta watoto wengi wameandika 2/2: wametoa kiasi kwa kiasi, 3 kutoa 1, na asili kwa asili, 4 kutoa 2, wakaridhika. Jibu lilikuwa robo, wao wakapata kitu kizima, na hakuna aliyeshtuka kwamba alichobaki nacho ni kikubwa kuliko alichoanza nacho. Kosa hilo lilikuwa langu mimi niliyewafundisha, na nililiona kwa sababu ya jedwali.

Wiki iliyofuata mwalimu mmoja aliyebakiza miaka miwili kustaafu alinijia na rundo la karatasi zake akaniambia, "Mdogo wangu, na mimi niwekee za darasa langu." Nilimwambia, kwa adabu, kwamba sitamwekea ila nitakaa naye. Tulikaa siku tatu, yeye akibonyeza kwa kidole kimoja, nami mikono nimeiweka mapajani ili isinyooke kumsaidia. Leo yeye ndiye anayewaelekeza walimu wapya wanaopangiwa shule yetu. Nakusihi uishike hiyo habari ya mikono mapajani, maana sisi tunaojua kidogo tuna tabia mbaya ya kumnyang'anya mtu kifaa na kumfanyia.

Ile 2/2 ndiyo iliyotuingiza darasani kwa mara ya pili. Nilipiga picha ya jibu lile kwenye daftari moja, jina nikaliziba kwa kidole, nikalionesha ukutani kwa projekta na kuuliza, "Aliyeandika hivi aliwaza nini?" Kipindi kizima kilikwenda kwa picha hiyo moja, na sidhani kama nimewahi kusikia watoto wakibishana kuhusu sehemu namna ile. Kifaa kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa mkononi mwangu. Kuhusu projekta nikutahadharishe tu kwamba madirisha yenye nondo bila mapazia huiua picha ifikapo saa nne. Tulijaribu kuyaziba kwa kanga, darasa likawa tanuri, kwa hiyo sasa tunaitumia katika vipindi viwili vya kwanza vya asubuhi tu.

Baada ya hapo ndipo vishikwambi vikafika mikononi mwa watoto, na kazi tuliyoanza nayo haikuhitaji intaneti wala programu ya kupakua: kinasa sauti. Mtoto anasoma aya moja, anajirekodi, anajisikiliza huku akifuata maandishi kwa kidole, kisha anarudia. Kulikuwa na msichana ambaye kila mara alisoma "ng'ombe" kama vile anasoma "ngoma", na nilikuwa nimemsahihisha tangu Januari bila mafanikio, kwa kuwa nilipomsahihisha alisikia sauti yangu, yake hakuisikia. Alipojisikiliza mara ya pili alicheka peke yake, akafuta, akarekodi upya. Watoto wenye haya, wasiothubutu kusimama na kusoma mbele ya wenzao 77, walikisomea kifaa chini ya mwembe kwa sauti ambayo sikujua kama wanayo.

Mpangilio wetu ulikuwa vishikwambi vinne nje, watoto wawili kwa kila kimoja, zamu mbili za dakika 20 katika kipindi, waliobaki wakiandika ndani. Kwa vipindi vitano vya Kiswahili wote 78 walimalizika. Wewe ukitoa vifaa sita kwa mpangilio huo huo, utahudumia watoto 24 kwa kipindi, na 86 wako watakwisha katika kipindi cha nne; sita vingine viwe kwenye chaji au akiba. Wawili wawili, tafadhali. Wakiwa watatu, wa tatu huwa mtazamaji.

Umegusia pia yale majaribio yaliyofanyika mkoani kwetu, ukiuliza kama hayathibitishi kwamba mtoto akipewa kifaa atajifunza mwenyewe. Ni kweli kwamba shindano la Global Learning XPRIZE, la kubuni programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe, lilipeleka vishikwambi kwa watoto wapatao 3,000 katika vijiji vya Tanga kwa miezi 15, vikichajiwa kwa umeme wa jua hapo hapo kijijini, na mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Kabla ya majaribio zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili, na mwishoni idadi hiyo ikapungua kwa nusu. Hilo ni jambo kubwa kwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule. Lakini liangalie vizuri: nusu nyingine ilibaki pale pale, kila mtoto alikuwa na kishikwambi chake, na programu ilitungwa kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kuanzia sauti za herufi. Wewe una kifaa kimoja kwa watoto saba, na hao watoto wana mwalimu. Usilinganishe. Faida yenu ni kwamba programu za washindani wote watano wa fainali ziliwekwa wazi bila malipo, kwa hiyo kwa wale wa darasa la kwanza na la pili wanaokwama katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, unaweza kumwomba fundi akusaidie kuzipakia.

Kwa programu nyingine sitasema mengi. Vitabu vya kiada vimo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Vipakue mjini penye mtandao mzuri, uje navyo. Kolibri, programu yenye masomo ya kujifunzia, nayo hufanya kazi bila intaneti, kompyuta moja ikivihudumia vishikwambi vyote humo humo shuleni, ingawa maudhui yake ya Kiswahili ni machache kuliko ya Kiingereza na itakubidi uchague mwenyewe. Vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyopewa walimu navyo visisahaulike. Kwetu vingi vilikuwa vikitumika kujaza taarifa tu, mpaka tulipovigeuza kuwa vifaa vya mazoezi vya vile vikao sita.

Kuhusu utunzaji, Desemba moja tulivifungia vyote katika kabati la bati, vingine vikiwa vimekwisha chaji kabisa, na Januari vitatu havikuwaka tena. Betri za aina hii huharibika zikikaa tupu kwa muda mrefu, na joto likizidi huharibika hata zikiwa zimejaa. Siku hizi kabla ya likizo tunazifikisha nusu, tunavizima, na kuviweka ofisini penye ubaridi badala ya stoo. Umeme wa LUKU wa kuvichajia uamuliwe mapema na kamati ya shule, kwa maandishi, la sivyo utajikuta unaununua wewe. Watoto pia wasipigwe picha za sura na kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Wengi wa wazazi wetu wana simu ndogo za vitochi zisizoingia huko, na haifai mzazi asikie kwa jirani kwamba picha ya mwanawe inazunguka.

Ufunguo, basi. Usikae nao wewe peke yako, wala usikae kwa Mwalimu Mkuu, kwa kuwa atakapoitwa halmashauri kabati litabaki limefungwa siku nzima. Sisi tulichonga funguo mbili. Mmoja uko kwa mwalimu wa zamu, unahama kila wiki pamoja na kitabu cha zamu, na wa pili uko kwa yule mwalimu anayekaribia kustaafu, ambaye huwasili shuleni saa kumi na mbili na nusu kabla ya mtu yeyote. Kando ya kabati kuna daftari la kurasa 96 lenye tarehe, namba ya kifaa, jina la mwalimu, saa ya kuchukua na saa ya kurudisha. Mwezi wa kwanza lilijaa jina langu peke yangu. Ukiona lenu linajaa jina lako tu hadi Machi, acha kuwapangia watoto zamu, urudi kwenye vikao vya walimu.