Maswali ya Wasomaji: Mwandishi wa Katuni Asiyejua Kuchora

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa ghala katika chama cha ushirika, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiandika visa vifupi vya maisha ya mtaani ambavyo kila ninapovifikiria huniijia vikiwa katuni. Shida yangu ni kwamba sijui kuchora kabisa, na wenzangu hunicheka wakisema kuwa katuni ni kazi ya mchoraji, na kwamba mwandishi mtupu hana lake hapo. Je, yupo mtu aliyewahi kuifanya kazi hii kwa kalamu ya kuandikia peke yake, tena bila kuajiriwa na kampuni ya uchapishaji? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Yupo, na hata kazi yake ya mchana haikuwa mbali na yako. Harvey Pekar, aliyezaliwa mwaka 1939 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani, alikuwa karani wa majalada katika hospitali ya askari wastaafu, akaishika kazi hiyo tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi alipostaafu mwaka 2001. Katika miaka hiyohiyo aliandika katuni zilizosomwa hadi nje ya nchi yake, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mchoraji.

Mlango wake ulifunguliwa na santuri. Pekar alikuwa mkusanyaji wa santuri za muziki wa jazi, na mwaka 1962 mapenzi hayo yalimkutanisha na kijana mmoja mchoraji aliyekuwa akiishi Cleveland, Robert Crumb, ambaye baadaye alipata sifa kubwa miongoni mwa wachora katuni waliofanya kazi nje ya kampuni kubwa. Miaka kama kumi ilipita kabla Pekar hajamwonyesha rafiki yake karatasi alizozigawa visanduku, ndani yake akiwa amechora vijitu vya mistari mitupu kama vile mtoto anavyochora, kila kimoja na maneno yake. Crumb alizisoma, akakubali kuzichora. Mwaka 1976 Pekar alitoa kwa gharama zake toleo la kwanza la jarida lake la katuni, American Splendor, na kwa miaka mingi baada ya hapo alijitahidi kutoa toleo moja kwa mwaka, akiwalipa wachoraji na mpiga chapa kutokana na mshahara wake wa ukarani.

Naomba uzitazame vizuri karatasi zile, kwa sababu jibu la wenzako wanaokucheka limo ndani yake. Pekar hakumpa mchoraji hadithi ya aya na aya kisha akamwachia ahangaike kuikatakata. Yeye ndiye aliyeamua ukurasa uwe na visanduku vingapi, nani aseme nini katika kila kisanduku, wapi mhusika anyamaze na kutazama tu, na mzaha uangukie kisanduku kipi. Uamuzi wa namna hiyo ndio uandishi wa katuni, nao hauhitaji mkono wa msanii. Mchoraji alileta nyuso, mwanga, mavazi na mitaa, lakini mapigo ya hadithi yalikwisha kupangwa. Ndiyo maana hadithi zake ziliweza kuchorwa na watu wengi tofauti, akiwamo Gary Dumm aliyekuwa mwenyeji wa Cleveland vilevile, na sura ya Pekar ikabadilika kutoka hadithi moja hadi nyingine, huku nene na yenye vinyweleo, kule nyembamba na safi, ilhali msomaji akiendelea kumtambua kwa maneno yake.

Kuhusu visa vyenyewe, wakati ule maduka ya katuni ya Marekani yalijaa mashujaa wenye nguvu za ajabu. Pekar aliandika juu ya foleni ya dukani, gari linalokataa kuwaka wakati wa baridi, mabishano na wenzake kazini, na hofu ya mtu mwenye kipato kidogo. Alishikilia kwamba maneno na picha vikikaa pamoja vinaweza kubeba jambo lolote, na sioni sababu ya kudhani kwamba ghala la ushirika, pamoja na mizani yake, madeni ya wanachama na wakubwa wanaofika bila taarifa, lina visa vichache kuliko hospitali ya Cleveland.

Sasa shika rula. Kunja karatasi kwa namna ya kijitabu, na ukumbuke kwamba kila karatasi inayokunjwa mara moja hutoa kurasa 4, kwa hiyo panga chapisho lako liwe la kurasa 8, 12 au 16, la sivyo mpiga chapa atakuachia kurasa tupu. Weka visanduku 5 au 6 katika ukurasa, kisha andika maneno ya wahusika kwa ukubwa ambao yatasomeka baada ya kupigwa chapa. Hapo utagundua ubishi wa lugha yetu, ambayo hupenda kubebanisha mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja refu lisilokubali kuingia kwenye kisanduku chembamba. Kata maneno kabla hujamfikia mchoraji, maana yeye akikosa nafasi atakata kichwa cha mhusika.

Sipaswi kukuficha hesabu ya fedha pia. Katika miaka ya mwanzo uchapishaji ule ulikuwa ukimla Pekar fedha. Sifa zilikuja baadaye: mkusanyiko wa hadithi zake uliotolewa na kampuni kubwa katikati ya miaka ya 1980 ulipata tuzo ya vitabu iitwayo American Book Award mwaka 1987, na filamu iliyotokana na maisha yake ilitoka mwaka 2003, yeye akiwa amekwisha kustaafu. Kwa hiyo usiache ghala. Mshahara ndio uliompa uhuru wa kuandika asichoagizwa, na huo kwa maoni yangu ndio ukubwa wa kujitegemea, ijapokuwa wengi hulitumia neno hilo wakimaanisha kuacha kazi kwa mbwembwe.

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana ninayeshirikiana naye amechora sura mbili za hadithi niliyoiandika. Tulikubaliana kwa mdomo tu. Sasa anasema mhusika mkuu ni mali yake kwa kuwa ndiye aliyempa sura, nami nasema ni wangu kwa kuwa nilimbuni. Nani mwenye haki? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa kadiri ulivyoeleza, kila mmoja wenu ameshika upande mmoja wa ukweli, na ndiyo maana hamtamaliza kwa kubishana. Hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa au kuchorwa, hata kabla ya kusajiliwa. Maandishi uliyoyaandika yana ulinzi wake, na michoro yake ina ulinzi wake. Wazo tupu lililokaa kichwani ndilo lisilolindwa. Nchini Kenya usajili hufanywa katika Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na kwa Tanzania ni COSOTA. Usajili huo hukupa ushahidi wa tarehe, jambo linalofaa sana ugomvi unapofika mbali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inataka pia haki zinapohamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, uhamisho huo uwe wa maandishi.

Kaeni chini mwandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili mnachokielewa wote wawili: nani atatajwa wapi juu ya jalada, mchoraji atalipwa kwa ukurasa au kwa mgawo wa mauzo, na nani anaruhusiwa kumwendeleza mhusika ikiwa mmoja wenu ataacha kazi au atafariki. Hili la mwisho si jambo la kutisha watu bure. Wasomaji wa zamani wa jarida la Sani la Dar es Salaam wanawakumbuka Ndumilakuwili na Lodi Lofa, wahusika waliopata umaarufu mkononi mwa Philip Ndunguru, nao waliendelea kuchorwa na wengine baada ya yeye kufariki dunia. Mhusika anayependwa huishi kuliko aliyembuni, basi ni vyema mkaamua mapema ataishi kwa nani.

Mkishindwa kuandikiana, msiendelee na sura ya tatu.

SWALI: Nina miradi mitano ya katuni kwa wakati mmoja, miwili kati yake ikiwa hadithi ndefu za mfululizo, na hakuna hata mmoja uliokamilika. Wachoraji wangu wamechoka kunisubiri, nami nimechoka kuwasubiri wao. Nianzie wapi? — Msomaji, Bukoba

JIBU: Anzia kwenye ufupi. Toleo moja la Pekar lilikuwa na hadithi kadhaa zisizotegemeana, nyingine za ukurasa mmoja tu, zilizogawiwa kwa wachoraji tofauti. Mmoja akichelewa, wengine waliendelea, na toleo likatoka. Kitabu kirefu alikifikia baada ya mazoezi ya miaka mingi, pale alipougua saratani mwaka 1990, kisha yeye na mkewe, Joyce Brabner, wakaiandika habari ya ugonjwa ule ikachorwa yote na Frank Stack, na kuchapishwa mwaka 1994.

Kati ya mitano hiyo, chagua ule ambao tayari unajua kisanduku chake cha mwisho kina nini. Upunguze ufike kurasa 8, umalize muswada wote kabla hujamwita mchoraji, kisha mpe tarehe ambayo utamlipa, na umwombe naye akupe tarehe yake. Hizo hadithi mbili za mfululizo ziweke kando kwa sasa, na wachoraji wake uwaambie wazi kwamba umesimamisha kazi, wapate kushika kazi nyingine.