Kabla hujakubali kupasuliwa sainasi

Jioni moja mwaka 2022 nilirudi nyumbani na sato niliyemnunua sokoni hapa Busia, nikampaka chumvi na ndimu, nikamtia kwenye mafuta. Mama mkwe alikuwa uani. Akaingia jikoni ameziba pua kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, huyu samaki ameoza. Hunusi?"

Sikunusa. Niliinama juu ya karai nikavuta pumzi mpaka mvuke ukanichoma macho, nikaambulia joto tu. Watoto walikuwa wamekwisha kunawa mikono. Usiku ule nililia, maana nilikumbuka kwamba hata moshi wa maharage yaliyoungua wiki iliyopita niliuona kwa macho kabla ya pua.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, upande wa Uganda wa mpaka. Chaki darasani, vumbi la malori barabarani, sigiri ya makaa nyumbani. Kwa miaka mitatu kabla ya samaki yule nilikuwa nikiambiwa "ni sainasi" kila nilipokwenda kliniki, na kila mara nikitoka na antibayotiki. Siku tano, siku saba, nafuu kidogo, kisha pua inaziba tena. Katikati ya hayo nikajinunulia matone ya kuzibua pua duka la dawa, nikayatumia karibu miezi minne. Hakuna aliyeniambia kwamba matone ya namna ile, ukiyavusha wiki moja, yenyewe huanza kuiziba pua, na kadiri inavyoziba ndivyo unavyoongeza. Wewe unayesoma hapa, kama una kichupa hicho mkobani, geuza usome jina la dawa, kisha umuulize mfamasia una siku ngapi za kukitumia.

Neno "sainasi" tunalitumia vibaya. Sainasi si ugonjwa. Ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, jozi nne: mashavuni, kati ya macho, juu ya nyusi, na nyuma kabisa chini ya ubongo. Kila mtu anavyo. Ugonjwa ni pale utando wa ndani unapovimba na kamasi ikakosa njia. Ili madaktari wauite sugu, dalili ziwe zimedumu wiki 12 au zaidi, na ziwe angalau mbili kati ya hizi: pua kuziba, kamasi kutoka au kushukia kooni, uso kuuma au kuwa mzito, na kunusa kupungua. Mojawapo lazima iwe kuziba au kamasi. Na hapo bado hawajamaliza: inatakiwa waone kitu kwa kamera au kwenye picha ya CT, yaani eksirei inayoonyesha ndani ya kichwa tabaka kwa tabaka. Mimi nilitibiwa miaka mitatu bila mtu yeyote kuangalia ndani ya pua yangu. Kama kuna jambo moja linaloniuma katika safari hii ni hilo.

Dada yangu wa Tororo naye alikuwa na "sainasi". Kichwa kikimuuma juu ya jicho, anafunga mapazia, anatapika. Pua yake safi kabisa. Nilikuja kusoma utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 uliochukua watu karibu 3,000 waliosema wanaumwa kichwa cha sainasi. 88 katika kila 100 walikuwa na dalili za kipandauso. Nilimtumia ujumbe usiku huohuo. Sasa anatibiwa kipandauso, na antibayotiki ameziacha. Kichwa peke yake, bila pua kuziba wala kamasi, kisikupeleke moja kwa moja kwenye dawa za sainasi.

Hatimaye nilipata rufaa ya kwenda Kampala kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ni kilomita zipatazo 200, na madaktari hao ni wachache nchini, kwa hiyo jipange. Alinipulizia dawa ya ganzi, akaingiza kamera nyembamba kama kalamu ya risasi, akanigeuzia skrini nione. Vinyama laini, rangi ya kijivu, vimening'inia pande zote mbili kama zabibu zilizomenywa.

"Mwalimu, una pumu?"

"Kidogo, wakati wa baridi."

"Ukimeza aspirini au diklofenaki, kifua kinabana?"

Nilinyamaza. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na wala sikuwahi kuyaunganisha. Kumbe pumu, vinyama vya puani na kifua kubana baada ya dawa hizo za maumivu vinaweza kuwa ugonjwa mmoja wenye sura tatu. Mimi sikuwa nao kamili, lakini tangu siku ile huwa nawauliza wenzangu wenye vinyama swali hilohilo, kwa sababu kidonge cha diklofenaki hapa kwetu kinauzwa kama pipi. Alinipima pia sukari na virusi vya UKIMWI, akanieleza kwamba kinga ikiwa chini, maambukizi ya sainasi hurudi-rudi. Akaangalia na meno yangu ya juu, maana jino bovu linaweza kuingiza usaha kwenye chumba cha shavu, hasa ugonjwa ukiwa upande mmoja tu. Upande mmoja ndio uliomfanya awe makini sana. Pua iliyoziba upande mmoja tu, inayotoa damu, au jicho linalovimba, hayo hayasubiri likizo ya shule. Huenda ikawa uvimbe wa aina nyingine kabisa.

Hakunipasua. Alinipa dawa ya stiroidi, inayopunguza uvimbe, ya kupuliza puani, vidonge vya stiroidi vya siku chache, na kazi ya kuosha pua kwa maji ya chumvi kila siku. Nilikasirika, nakiri. Nilikuwa nimekusanya pesa, nimeomba ruhusa, nilitaka kukatwa nimalize. Alichora kwenye karatasi nyuma ya fomu yangu, na mchoro ule ndio ulionibadilisha mawazo.

Zamani, alisema, daktari alitoboa shavu kwa ndani, juu ya fizi, akafungua chumba na kukisafisha. Njia hiyo ilitoka kwa Caldwell wa Marekani mwaka 1893 na Luc wa Ufaransa mwaka 1897. Shimo linatobolewa chini, kwa mantiki kwamba uchafu utatiririka kama maji. Kisha katika mji wa Graz, Austria, daktari aitwaye Walter Messerklinger akakaa miaka akifuatilia kamasi inavyosafiri. Utando wa sainasi una vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyofagia. Na vinafagia kuelekea mlango wake wa asili, ulio juu. Hata ukitoboa shimo kubwa pembeni, kamasi inalipita shimo lako na kwenda kwenye mlango wa zamani. Mlango huo ukiwa umevimba, chumba kitaendelea kuoza. Messerklinger alitoa kitabu chake kuhusu kuchungulia pua kwa kamera mwaka 1978. Mwanafunzi wake Heinz Stammberger akaieneza njia hiyo duniani, na David Kennedy akaipeleka Marekani katikati ya miaka ya 1980. Upasuaji wa leo unaopitia tundu za pua, bila kovu usoni, umetoka hapo. Lengo lake ni kufungua milango ya asili na kuachia vinyweleo vifagie.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini daktari mzuri hana haraka. Kufungua mlango hakuzimi moto unaouvimbisha utando.

Nilifuata dawa miezi mitatu. Pua ilifunguka nusu, harufu haikurudi. Tukapanga upasuaji likizo ya Januari 2024.

Watu huniuliza: utafiti unasemaje, ukatwe au usikatwe? Nimesoma kiasi nilichoweza, na naona majibu mawili ambayo inafaa yasomwe pamoja. Waholanzi walitoa utafiti mwaka 2022, watu 238 wenye vinyama. Baadhi walipasuliwa na kupewa dawa, wengine dawa peke yake. Walipimwa kwa dodoso la maswali 22 kuhusu dalili zao, kila swali alama 0 hadi 5. Baada ya mwaka, waliopasuliwa walikuwa na nafuu zaidi kwa takribani alama 5. Mgonjwa kwa kawaida haihisi tofauti mpaka ifike karibu alama 9. Halafu mwaka 2025 Waingereza wakatoa wao katika jarida la The Lancet, watu zaidi ya 500 ambao dawa za kawaida zilikuwa zimewashinda. Kundi moja lilipasuliwa, la pili likapewa antibayotiki iitwayo klarithromisini wiki 12, la tatu kidonge kisicho na dawa. Wote waliendelea kuosha pua na kupuliza stiroidi. Baada ya miezi sita waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi, na ile antibayotiki ya wiki 12 haikukishinda kidonge kitupu.

Mimi nayasoma hivi: kama hujawahi kutumia dawa ya kupuliza na kuosha pua sawasawa kwa miezi mitatu, hujafika kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Kama umefanya hivyo kwa uaminifu na bado huwezi kulala, upasuaji una haki ya kuzungumzwa. Na antibayotiki ndefu zisiwe kituo cha kusubiria.

Siku yenyewe haikuwa ya kutisha kama nilivyodhani. Nusukaputi, saa kama mbili hivi, nikaamka napumulia mdomo. Maumivu yalikuwa madogo kuliko ya kung'olewa jino. Damu ya kuchuruzika siku tatu. Ila msidanganywe kwamba ni kitu chepesi. Mfupa unaotenga sainasi na jicho ni mwembamba kama karatasi, na juu yake kuna ubongo. Madhara makubwa, kama kuumia jicho au maji ya ubongo kuvuja, hutokea kwa takribani mtu 1 katika 100 au pungufu ya hapo. Kwa hiyo muulize daktari wako bila haya: umefanya ngapi? Picha yangu ya CT umeiangalia mwenyewe? Nani atanisafisha pua wiki ya kwanza na ya pili? Asiyekuwa na jibu la swali la tatu, mimi nisingempa pua yangu.

Maana kazi huanza baada ya kukatwa. Watafiti wa Ubelgiji waliwafuatilia watu wenye vinyama miaka 12 baada ya upasuaji: kati ya 38 waliomaliza, 30 vilikuwa vimewarudia na 14 walikuwa wamepasuliwa tena. Sikusomewa hesabu hiyo kabla, na ningependa ningesomewa. Ndiyo inayoniamsha kuosha pua asubuhi hata nikichelewa gwaride.

Naosha hivi. Maji yachemke kwa nguvu dakika moja, na kwa ndugu zetu wa miinuko ya juu kama ya Kabale dakika tatu, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa usiyatie puani kamwe. Kuna kimelea ambacho ukikinywa hakikudhuru lakini kikipanda puani kinaweza kuua. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa mililita 240. Nainama juu ya beseni, mdomo wazi, nakamua chupa taratibu, maji yanaingia tundu hili na kutoka lile. Chupa naiosha na kuianika. Baadaye napuliza dawa: mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa la kulia, ncha ikielekea jicho la upande huo na siyo ukuta wa katikati, na sivuti kwa nguvu. Miaka yote nilikuwa nainyunyizia ukuta, ndiyo maana nilikuwa natoka damu. Sigiri nayo nimeihamishia uani.

Kuna dawa mpya za sindano za vinyama, kama dupilumabi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Kwa mshahara wa mwalimu, bado naisoma tu.

Harufu nimekuwa nikiifundisha irudi: asubuhi na jioni nanusa karafuu, ganda la limau, mkaratusi na kahawa ya Mbale, kila kimoja kwa utulivu, nikikumbuka kilivyokuwa. Karafuu ilirudi mwezi wa pili, kahawa mwezi wa tano. Samaki bado namsogeza kwa mama mkwe amnuse kwanza, naye humnusa, huniangalia, na kutikisa kichwa ndiyo au hapana.