Nilidhani ni sukari tu, kumbe uti wa mgongo ulikuwa unaumia

Juzi dada mmoja wa Newala kaniandikia: ana sukari mwaka wa saba, miguu inakufa ganzi, akitembea anahisi kama anakanyaga sufi. Nimeshindwa kumjibu kwa mistari miwili, maana sufi hiyo nimeikanyaga mwenyewe.

Kwangu ilianzia uani, hapa Mikindani. Kila nikitawadha alfajiri, nikifumba macho kunawa uso, nayumba mpaka nishike ukuta. Siku moja nimefika barazani, mume wangu ananiuliza ndala ya pili iko wapi. Ilikuwa imebaki kwenye pipa la maji, nami nimevuka ua mzima sina habari.

Watu wakasema mihogo michungu, wengine mkono wa mtu. Jirani niliyekuwa nampelekea futari akakata mguu kwangu, na hilo linaniuma mpaka leo. Zahanati moja wakaniambia ni sukari tu, wakanipa foliki asidi ya kuongeza damu. Damu ikapanda kweli. Miguu ikazidi.

Daktari wa tatu ndiye aliyeuliza: metformini, hii dawa yako ya sukari, unameza tangu lini? Miaka tisa. Akapima vitamini B12, ikawa chini sana. Nikambishia: nala samaki kila siku, na B12 imo humo, nikose vipi? Akanieleza kwamba metformini ya miaka mingi inaweza kuuzuia utumbo usiifyonze B12, hata ule changu na ngisi mchana na usiku. Ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana balaa linachelewa. Akiba ikiisha, utando unaofunika nyuzi za fahamu ndani ya uti wa mgongo huharibika, hasa zile za nyuma zinazouambia ubongo miguu iko wapi. Macho yakiwa wazi yanakusaidia, ukifumba, unayumba. Na foliki asidi yaweza kutengeneza damu huku uti unaendelea kuumia.

Nikachomwa sindano za B12, siku moja ndiyo, moja hapana, kisha kila miezi miwili. Leo natawadha gizani bila kushika ukuta, alhamdulillah. Vidole vya mguu wa kushoto ndivyo havijarudi. Nilichelewa.

Dada yangu, usiache metformini kwa kunisoma mimi. Nenda kapime B12. Wakikwambia ni sukari tu, omba tena kipimo, usione haya. Nanyi wenye sukari wote, na mnaomeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, mwaka nenda mwaka rudi, pimeni! Foliki asidi ya dukani msiguse kabla ya majibu. Dada, yakitoka yako, niandikie siku hiyohiyo.