Bibi amevunjika mgongo: umri usiamue peke yake

Mzee akivunjika pingili ya mgongo, hapa Lamu hukumu hutoka barazani kabla ya kufika kwa daktari: mtu wa miaka 80 hapasuliwi. Umri una uzito, hatukatai. Ila muhimu zaidi ni hali yake kabla ya kuanguka. Bibi wa miaka 84 aliyekuwa akipanda ngazi mwenyewe na kwenda harusini Langoni kwa miguu huenda akahimili nusu kaputi kuliko wa miaka 68 mwenye sukari isiyotulia na figo zilizochoka.

Na wengi hawahitaji kisu. Pingili iliyobonyea kwa udhaifu wa mifupa mara nyingi hutulia kwa wiki 6 hadi 12, kwa dawa za maumivu na kutembea kidogo kidogo. Msimlaze wiki nzima: misuli huisha, nimonia huingia. Diklofenaki ya dukani huumiza figo za wazee. Anzeni na parasetamoli. Kudunga saruji ya kitabibu ndani ya pingili nako kusipapatikiwe. Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2009 hayakuona ikishinda tiba ya kuigiza, yaani sindano isiyotia saruji.

Miguu ikilegea, mkojo ukizuilika au haja ikitoka bila habari, hiyo ni dharura: hospitali ya King Fahd hapa Lamu siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Homa za jioni na kukonda hutia shaka ya kifua kikuu cha mgongo au saratani, na eksirei pekee haitoshi. Kama rufaa si ya dharura, ngojeni maji yajae ndipo mvuke hadi gati ya Mokowe, bara, boti iwe sawa na gati. Mkimhamisha, mgeuzeni watu watatu kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga zikizunguka kama gogo, kisha mlazeni juu ya ubao.

Akipasuliwa, skurubu za kushikilia pingili huweza kulegea kwenye mfupa laini, au pingili ya jirani ikavunjika. Ndiyo maana daktari huongeza saruji kwenye skurubu au hufunga pingili nyingi zaidi. Hapo kosa ni la mfupa zaidi kuliko miaka. Kinachopanda na umri ni nimonia, maambukizi ya mkojo, damu kuganda na kuchanganyikiwa usiku. Ulizeni ataketishwa lini na mpira wa mkojo utatolewa lini. Ili asichanganyikiwe, miwani yake iwe karibu, na mtu anayemjua alale karibu naye.

Familia nyingi husahau dawa ya mfupa wenyewe. Alendroneti ya miligramu 70 humezwa mara moja kwa wiki, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, na asilale nusu saa. Mwenye shida ya kumeza au figo mbovu amwambie daktari kwanza. Ramadhani aimeze anapoamka, akae wima nusu saa, ndipo ale daku.