Kuharisha na homa ya ini: ujue chanzo kabla ya kumeza dawa

Mimi ni muuguzi wa zahanati, na ombi ninalolisikia kuliko yote dirishani ni hili: "Nesi, nipe Flagyl, mtoto anaharisha." Mama anayeomba ana uchungu na mwanawe. Lakini watoto wadogo wengi huharishwa na virusi, hasa rota, na Flagyl ni antibayotiki, haiui virusi. Kinachowamaliza watoto ni kuishiwa maji mwilini.

Basi mtazame mtoto kwanza. Macho yamedumbukia? Analia bila machozi? Finya ngozi ya tumbo, kisha iachie: ikirudi polepole, maji yamepungua. Akiwa amelegea sana au hawezi kunywa, usisubiri kukuche.

Kama anakunywa, anza nyumbani. Koroga pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, nyingi ni lita moja. Usipunguze maji ukidhani itakuwa na nguvu zaidi. Chumvi ikizidi inamdhuru. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea kijiko kwa kijiko. Ziwa asiachishwe. Zinki apewe miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshakuwa sawa. Wazazi wengi huishia njiani hapo, na inasikitisha, kwa sababu zinki hupunguza uwezekano wa kuharisha tena miezi inayofuata.

Antibayotiki zina mahali pake. Choo chenye damu kinahitaji mganga akione. Anayeharisha majimaji meupe kama ya kuoshea mchele huenda ana kipindupindu. Apelekwe kituoni haraka, huku akinyweshwa ORS njiani.

Kuna jambo linaniuma. Mtu ana homa na tumbo, anapimwa Widal, kipimo cha damu cha taifodi, mara moja, anaambiwa ana taifodi, anameza dozi. Baada ya muda yuko palepale, na dozi nyingine. Widal inaweza kuonyesha chanya kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ugonjwa mwingine. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha bakteria wa kwenye damu maabara. Una haki ya kuuliza.

Macho yakiwa manjano, usiseme tu "ini." Homa ya ini A na E huingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa, na kwa kawaida hupona zenyewe, ila E ni hatari kwa mjamzito. B na C hupitia damu. B pia kwa kujamiiana na kutoka kwa mama hadi mtoto. Wengi wenye B hawaumwi popote, wanagundulika wakienda kuchangia damu.

Ukikutwa na B, tafadhali achana na mizizi ya "kusafisha ini". Mingine huliumiza zaidi. Pima utendaji wa ini na wingi wa virusi, na HBsAg, kipimo cha damu kinachoonyesha kama una B, irudiwe baada ya miezi 6 ili ijulikane kama ni sugu, yaani ya kudumu. Si kila mtu huanzishiwa dawa. Anayestahili hupewa tenofovia, mara nyingi kwa miaka. C hupona kabisa kwa vidonge, kwa kawaida vya wiki 12.

Mjamzito mwenye B amwambie mkunga mapema, mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Mwenza na watoto wapimwe, wasio nayo wachanjwe. Msitenge sahani wala kikombe, B haiambukizwi hivyo. Wembe na mswaki, kila mtu awe na wake.