Intaneti ya Tanga na mashindano ya gofu mtandaoni

Ndugu yangu, umeuliza kama intaneti ya hapa Tanga, ambayo huyumba jioni, itakuzuia kushiriki mashindano ya gofu kwenye mchezo wa video wa PGA TOUR 2K25. Haitakuzuia. Katika mashindano ya vikundi vya wachezaji, kila mmoja hucheza raundi zake kwa wakati wake ndani ya muda uliowekwa, kisha jumla ya mipigo hulinganishwa, hivyo unaweza kucheza alfajiri mtandao ukiwa umetulia. Kinachoumiza zaidi ni runinga inayochelewesha picha: kidole kinasukuma kijiti cha padi (kidhibiti cha mkononi cha mchezo), jicho linaona fimbo ikichelewa, nawe unaharakisha mkono hadi mpira unapinda. Nilihangaika hivyo hapa Ngamiani wiki nzima, mpaka nilipowasha mpangilio wa michezo ya video (Game Mode) kwenye runinga, unaopunguza ucheleweshaji huo. Tafadhali anzia hapo.